Kitufe cha Kurudi Nyuma ni Haki ya Mwenye Simu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Sisi tukaao Bariadi tuko mbali na bahari, na wengi wetu hatujapata kukanyaga jahazi, lakini maana ya maneno hayo twaifahamu barabara. Kila safari ina marejeo yake. Mtu aendaye mnadani huijua njia ya kurudi kabla hajatoka nyumbani, na mchungaji apelekaye ng'ombe malishoni huifikiri jioni tangu asubuhi. Ajabu ni kwamba sisi vijana tujifunzao kutengeneza programu za simu twaisahau hekima hiyo. Twafikiri sana jinsi mtu atakavyokwenda mbele, kutoka ukurasa mmoja mpaka mwingine, wala hatujiulizi atarudije.

Maoni yangu ni haya. Programu ya simu yapasa kupimwa kwanza kwa njia yake ya kurudi, ndipo zitazamwe rangi zake na picha zake. Tena kitufe cha kurudi nyuma si mali ya mtengenezaji. Ni haki ya mwenye simu. Nitajaribu kueleza kwa nini nasema hivyo, kwa namna ambayo hata msomaji asiyeingia chumba cha kompyuta ataweza kunifuata.

Rundo ni nini?

Tazama sahani katika bwalo letu baada ya kuoshwa. Hupangwa moja juu ya nyingine, na sahani iliyowekwa mwisho ndiyo itakayochukuliwa kwanza. Ile ya chini kabisa hungoja mpaka zote zilizo juu yake ziondoke. Simu nayo hupanga kurasa zake vivyo hivyo. Ufunguapo programu, ukurasa wa kwanza huwekwa mezani. Ukibonyeza jambo fulani, ukurasa wa pili huwekwa juu ya ule wa kwanza, na ule wa kwanza haufi, umefunikwa tu. Ukibonyeza kitufe cha kurudi, ukurasa wa juu huondolewa na ule uliofunikwa huonekana tena. Kurasa zikiisha, umetoka katika programu.

Amri ya kuweka ukurasa juu ya rundo, ukiitafsiri kutoka Kiingereza, ni "sukuma". Wenzangu hufurahi wakisema kwamba hapana shaka ilitungwa na watu wa kwetu. Ni mzaha mwema, ingawa kwa Kisukuma neno hilo maana yake ni kaskazini.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1946 Alan Turing, mtaalamu wa Uingereza, alipokuwa akiandika mpango wa mashine yake ya kuhesabu, alieleza habari za "kuzika" na "kufukua". Mashine iachapo kazi moja ili ifanye nyingine, huzika alama ya mahali ilipofikia. Ikisha maliza ile ya pili, huifukua alama hiyo na kuendelea. Mwaka 1957 Wajerumani wawili, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliomba hati ya ugunduzi kwa ajili ya rundo la namna hii, nao waliliita kwa jina la chumba kilicho chini ya nyumba, mahali pa kuweka akiba. Kumbe nao, kama wahenga wetu wa pwani, walijua kwamba marejeo ni chini, ngamani.

Kitufe chenyewe

Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kitufe maalumu cha kurudi. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa nacho. Usoni ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kwenda mwanzo, na mshale wa kurudi ulichorwa ndani ya programu. Siku hizi si lazima kubonyeza. Tangu mwaka 2013 kwenye iPhone, na tangu Android 10 ya mwaka 2019, mtu aweza kutelezesha kidole kutoka ukingoni mwa kioo, na programu ikarudi hatua moja. Umbo la kitufe limebadilika, lakini ahadi yake ni ile ile: nirudishe nilikotoka.

Basi ahadi hii yaweza kuvunjwa. Mfumo wa Android humruhusu mtengenezaji kukinasa kitufe cha kurudi na kukifanyia apendavyo. Aweza kukizima kabisa. Aweza pia kumrudisha mtu mahali ambapo hakupata kufika. Na hata asipokigusa, aweza kuacha kurasa zisizofaa ndani ya rundo, zikamngoja mtu kama shimo lililofunikwa kwa majani. Nitatoa mfano.

Mfano wa karani wa mizani

Mkoa wetu wa Simiyu wajulikana kwa pamba, Maswa na Meatu, Itilima na Busega, na hapa Bariadi pia. Tuseme twamtengenezea karani wa chama cha msingi programu ya kuandika pamba iletwayo na wakulima. Ina kurasa tano: Wakulima, Mkulima, Kilo, Hakiki, na Stakabadhi. Karani achagua jina katika ukurasa wa Wakulima, aona habari za mkulima huyo, aandika kilo 62, ahakiki, abonyeza "Kubali", na stakabadhi yatokea. Kwenda mbele ni raha tupu.

Sasa karani ataka kurudi. Abonyeza kitufe, ukurasa wa Stakabadhi waondoka, na chini yake akuta ukurasa wa Hakiki, na kitufe cha "Kubali" kingali hai. Jua ni kali, watu wamepanga mstari, na mkulima wa pili amekwisha tundika gunia lake. Karani adhani ukurasa ule wamhusu huyu wa pili. Abonyeza. Mara mkulima wa kwanza ameandikiwa kilo 124, na kilo 62 kati ya hizo haziko ghalani. Jioni hesabu hailingani. Nani ataulizwa? Ataulizwa karani, wala hakuna atakayemwuliza kijana aliyeandika programu.

Kuna kosa la pili, nalo ni la kawaida zaidi. Mtengenezaji huweka kitufe cha "Mkulima Mwingine" katika ukurasa wa Stakabadhi, nacho humpeleka karani kwenye ukurasa wa Wakulima. Lakini badala ya kumrudisha kwenye ukurasa ule wa mwanzo, huweka ukurasa mpya wa Wakulima juu ya rundo. Fanya hesabu. Kila mkulima ameacha kurasa tano. Wakihudumiwa wakulima 40, rundo lina kurasa 200. Karani akitaka kutoka kwa kitufe cha kurudi, itambidi abonyeze mara 200, akipita stakabadhi za watu wote tangu asubuhi, na chini ya kila stakabadhi pana "Kubali" yake.

Dawa yake ni nyepesi. Karani akisha kubali, kurasa za Hakiki, Kilo na Mkulima ziondolewe zote, abaki Wakulima peke yake, kisha Stakabadhi iwekwe juu yake. Rundo litakuwa na kurasa mbili tu. Akirudi, ataukuta ukurasa wa Wakulima. Na kile kitufe cha "Mkulima Mwingine" kisiongeze kitu. Kazi yake iwe kuondoa Stakabadhi tu. Zana za kufanyia hivyo zipo tayari. Maktaba ya kuongozea kurasa za Android, iliyotangazwa na Google mwaka 2018, ina amri ya kuondoa kurasa mpaka ukurasa uliotajwa kabla ya kuweka mpya. Flutter nayo ina amri ya namna hiyo. Ni mstari mmoja au miwili ya msimbo. Kigumu ni kufikiri kabla ya kuandika.

Hata hivyo, nisiseme kwamba rundo peke yake latosha. Mtandao ukikatika mara baada ya kubonyeza "Kubali", karani hajui kama habari zimefika au hazikufika, naye aweza kujaribu tena. Kwa hiyo kila upimaji uwe na namba yake, na seva ikatae kuandika namba moja mara mbili. Rundo lililopangwa vizuri ni mlango, na namba hiyo ni kufuli. Nyumba yenye mali yahitaji vyote viwili.

Kanuni nyingine tatu

Kwanza, tutofautishe kurudi na kupanda. Kitufe cha kurudi hufuata nyayo za mtu: alikopita jana asubuhi hakuna maana, alikopita sasa hivi ndiko arudiko. Mshale uliochorwa juu ya ukurasa hufuata mpango wa programu, yaani kutoka tawi kwenda kwenye shina. Mara nyingi njia hizo mbili hufika pamoja, lakini si kila mara. Na kwa desturi ya Android, mshale huo wa juu haumtoi mtu nje ya programu.

Pili, aliyeingia kwa dirisha awekewe ngazi. Mtu aweza kubonyeza ujumbe ulioandikwa, "Malipo yako yako tayari," akajikuta moja kwa moja katika ukurasa wa ndani. Hakupita mlangoni, kwa hiyo chini ya ukurasa ule hakuna kitu. Akibonyeza kurudi, programu yafungwa ghafula, naye adhani ameharibu. Mtengenezaji mwema humpangia rundo kabla hajafika: ukurasa wa mwanzo chini, orodha ya malipo juu yake, na ule ukurasa wa malipo juu kabisa. Hapo atakaporudi atakuwa anatembea ndani ya nyumba, chumba kwa chumba.

Tatu, mtu asipoteze alichoandika. Simu nyingi zitumikazo vijijini kwetu ni za bei ndogo, na nafasi yake ya kumbukumbu ni haba. Ukipokea simu ukiwa katikati ya kujaza fomu, Android yaweza kuiua programu ile ili kupata nafasi. Ukirudi, mfumo hukumbuka ulikuwa katika ukurasa gani na hukujengea rundo upya. Lakini maneno uliyoandika yaweza kuwa yamekwenda, kama mtengenezaji hakuyahifadhi. Mtu aliyejaza majina ya watoto wake sita kwa kidole kigumu cha jembe hastahili kuambiwa aanze upya.

Majibu kwa wenzangu

Wako wenzangu wasemao kwamba njia rahisi ni kukizima kitufe cha kurudi katika kurasa za hatari. Sikubali. Ukurasa wa hatari ndio hasa ambao mtu aogopaye ataka kuutoka. Ukimfungia mlango hapo, atazima simu au ataivuta betri, nawe hutajua programu iliachwa katika hali gani. Afadhali umwachie njia, nawe uhakikishe kwamba njia hiyo ni salama.

Wengine hupenda ule ujumbe usemao, "Bonyeza tena ili kutoka." Huu nauvumilia mahali pamoja tu, yaani pale mtu anapokaribia kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Mahali pengine ni usumbufu. Mgeni akiaga mara moja, huna haja ya kumwuliza kama kweli anaondoka.

Na wako wasemao, "Watu watazoea." Kweli watu huzoea, lakini tuulize wanazoea nini. Hili ndilo jambo lililonifanya niandike makala haya.

Yatuhusu sisi

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Wazazi wetu wengi waliijua fedha ya simu kwa njia ya orodha za namba, zile zifunguliwazo kwa nyota na reli. Katika orodha hizo, mazungumzo yakikatika kabla hujathibitisha, hakuna kilichotendeka. Waanza upya kutoka mwanzo. Basi mama zetu na babu zetu walijifunza jambo moja kubwa: ukiona mashaka, acha, nawe utakuwa salama. Huo ndio ujuzi wao, nao ni ujuzi mzuri.

Mtu huyo apewapo simu ya kioo, huja na desturi yake. Kwake kurudi nyuma maana yake ni kuacha. Akiona jina asilolijua katika ukurasa wa kuhakiki, hubonyeza kurudi, naye huamini kwamba fedha zake hazikuondoka. Kama programu yaiheshimu imani hiyo, atazidi kujifunza. Kama siku moja atarudi akakuta jambo limetendeka, au limetendeka mara mbili, hataishitaki programu. Atasema, "Mimi sikusoma."

Na hatua ifuatayo twaijua sote. Mama atamwita kijana wa jirani, au atakwenda kibandani, akampa mtu simu yake pamoja na namba yake ya siri, amfanyie. Hapo amefungua mlango wa wizi kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kitufe kimoja kilimdanganya. Mara nyingi twawaonya wazee wasitoe namba zao za siri. Ni onyo la haki, lakini nasema nusu ya onyo hilo yatupasa kuwapa watengenezaji. Mtu asiyeogopa simu yake hana haja ya kumpa mwingine.

Tusidhani ni habari za wazee tu. Sisi wa kidato cha nne, matokeo yakisha kutoka, hutumia mfumo wa Selform wa TAMISEMI kurekebisha tahasusi tulizochagua. Sisemi kwamba mfumo huo una kasoro. Nasema kwamba mambo makubwa ya maisha sasa hupita katika kurasa ndogo za kioo, na kila mmoja wetu siku moja atasimama juu ya ukurasa akiuliza moyoni, "Nikirudi, je, nilichochagua kitabaki?" Jibu la swali hilo liliandikwa zamani na mtu asiyemjua.

Shauri langu kwa klabu ya kompyuta

Mashine katika chumba chetu ni chache, na simu haziruhusiwi shuleni. Upungufu huo waweza kutufaa. Nashauri kwamba muhula ujao kila kikundi, kabla ya kugusa kompyuta, kichore kila ukurasa wa programu yake juu ya nusu karatasi. Mwanafunzi mmoja awe mwenye simu, na mwingine ashike rundo. Mwenye simu aseme, "Nabonyeza hapa," na mshika rundo aweke karatasi juu. Aseme, "Narudi," na karatasi ya juu iondolewe. Saa moja ya mchezo huo yatosha kufichua mashimo yote niliyoyataja, wala haihitaji umeme.

Kisha kila kikundi kijibu maswali manne. Katika kila ukurasa, akibonyeza kurudi atafika wapi? Jambo likisha malizika, je, aweza kulirudia pasipo kujua? Akiingia kwa kubonyeza ujumbe, chini yake pana nini? Simu ikikatiza kazi yake, alichoandika kitabaki? Kikundi kisichoweza kujibu kisianze kuandika msimbo. Na siku ya maonyesho ya klabu, waamuzi wasibonyeze mbele kwanza. Waingie mpaka ukurasa wa ndani kabisa, kisha warudi, hatua kwa hatua, mpaka nje. Alama zianzie hapo, na rangi zingoje zamu yake.

Wako watakaosema kwamba ni kazi isiyoonekana, na hakuna atakayetusifu kwa ajili yake. Ni kweli. Hakuna mtu apigaye makofi kwa sababu amerudi nyumbani salama. Lakini karani atafunga hesabu zake jioni zikiwa sawa, na mama atatuma nauli ya mtoto wake kwa kidole chake mwenyewe, na namba yake ya siri itabaki siri. Kwangu mimi hayo yatosha, na naomba wenzangu wa klabu wayafikiri kabla ya muhula kufunguliwa.